Vyeti Elfu Nane Vilivyogeuka Elfu Nne na Ushei: Kisa cha Umeme wa Maji Kati ya Kenya na Uganda

Kisa hiki kinahusu ununuzi wa vyeti vya nishati jadidifu uliofanywa na kampuni moja yenye viwanda Kenya na Uganda. Majina yameondolewa, mahali pamefichwa, na tarakimu za mtambo zimebadilishwa kidogo bila kuharibu uwiano wa hesabu. Kanuni, taasisi na miaka vimeachwa kama vilivyo. Aliyeandika alikuwa upande wa mnunuzi, na msomaji alikumbuke hilo pale hukumu itakapoonekana kuegemea upande mmoja.

Usuli

Mnunuzi ni kampuni ya kusindika vyakula. Makao yake yako Nairobi, na kiwanda cha pili kiko mashariki mwa Uganda. Kampuni mama iko Ulaya na ni mwanachama wa RE100, umoja wa makampuni yaliyoahidi kufikia asilimia 100 ya umeme jadidifu. Agizo lilitoka huko: kila tawi lionyeshe kwa ushahidi kwamba umeme wake wa mwaka uliopita ulikuwa safi. Matumizi ya Kenya yalikuwa megawati-saa 5,000 na ya Uganda 2,000 (megawati-saa moja ni kilowati-saa 1,000).

Muuzaji ni kiwanda cha chai katika nyanda za juu za Kenya. Kina mtambo wake wa maji wa megawati 1.8, mashine mbili za kilowati 900 kila moja, uliojengwa katika muongo wa 2010. Umeme unaotoka huko huenda kwanza kiwandani kukausha na kusaga chai, na ziada inauzwa kwenye gridi ya taifa kwa mkataba wa muda mrefu. Kati yao wawili alikuwapo dalali, ambaye hakuwa na mtambo wala kiwanda, ila alikuwa na akaunti kwenye rejista ya vyeti na simu nyingi za watu.

Kwa asiyeijua biashara hii, cheti kimoja ni megawati-saa moja iliyozalishwa na mtambo unaojulikana katika kipindi kinachojulikana. Umeme ukishaingia kwenye waya hautambulikani tena, wa maji na wa mafuta mazito ni mamoja, kwa hiyo sifa ya kuwa safi inaandikwa kando na kuuzwa kando. Kenya na Uganda vyeti vinavyotumika ni vya mfumo wa I-REC, ambao kanuni zake zinasimamiwa na wakfu ulioko Uholanzi, sasa ukiitwa International Tracking Standard Foundation. Mwenye mtambo anausajili, na usajili huo hudumu miaka 5. Kisha anaomba vyeti kwa umeme uliokwisha kuzalishwa, akiambatanisha ushahidi wa mita. Mtoaji vyeti anakagua, anatoa vyeti vyenye namba za mfululizo, navyo vinahama kutoka akaunti moja hadi nyingine mpaka mtumiaji wa mwisho avifunge kwa jina lake na kwa mwaka wake. Kikishafungwa hakiuzwi tena, na mhusika anapewa hati ya kuthibitisha.

Hati hiyo inahitajika kwa sababu ya mwongozo wa 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa ukaa ya makampuni, kuhusu umeme ulionunuliwa. Mwongozo unataka hesabu mbili za hewa ukaa: moja inayofuata wastani wa gridi ya mahali kampuni ilipo, na nyingine inayofuata mikataba na vyeti ambavyo kampuni imenunua. Meneja wa fedha Nairobi aliuliza swali ambalo wengi huuliza: gridi ya Kenya inapata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, sasa tunanunua karatasi ya nini? Kwa hesabu ya kwanza, yuko sawa kabisa. Lakini kampuni mama ilikuwa ikitoa taarifa kwa hesabu ya pili, na huko wastani wa gridi, hata uwe mzuri kiasi gani, haukupi haki ya kusema umeme *wako* ulikuwa safi. Binafsi naona swali lake lina uzito kuliko lilivyopewa kwenye kikao. Bei za vyeti vya mitambo ambayo tayari inafanya kazi ni ndogo, na sijaona mtambo uliojengwa kwa sababu ya bei hizo. Hata hivyo uamuzi wa kununua ulishafanywa Ulaya. Kazi iliyobaki ilikuwa kununua kitu cha kweli.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

*Ofa ya elfu nane*

Dalali alituma barua pepe fupi na jedwali la Eksel. Mtambo ulizalisha megawati-saa 8,000 mwaka uliopita, akasema, na wenye kiwanda wako tayari kuviuza vyeti vyote. Mnunuzi anahitaji 7,000 kwa nchi mbili, kwa hiyo vinatosha na chenji inabaki. Aliomba mkataba usainiwe wiki ileile kwa idadi kamili, na malipo ya nusu yatangulie.

Jedwali lilikuwa na safu moja tu ya namba: uzalishaji wa kila siku, mwezi kwa mwezi. Hapakuwa na jina la mita, tarehe ya kusoma wala jina la aliyesoma. Miezi miwili kati yake, Aprili na Mei, ilikuwa na siku zenye uzalishaji uleule hadi nukta ya desimali, siku 41 mfululizo. Maji ya mto hayatiririki hivyo, hasa msimu wa masika.

*Mita tatu na daftari moja*

Tuliomba picha za mita zote zilizopo. Zikaja tatu. Ya kwanza iko ndani ya pawahausi na inapima kinachotoka kwenye jenereta. Ya pili iko kiwandani na inapima kinacholiwa na mashine za chai. Ya tatu ni ya shirika la umeme, iko kwenye kibanda chenye kufuli pale laini ya kiwanda inapokutana na gridi. Mita hiyo ina hesabu mbili, ya umeme unaotoka na ya unaoingia, na inahifadhi usomaji wa kila nusu saa. Kwenye picha ya mita ya kwanza kioo kilikuwa cheusi.

Mwenzetu aliyekuwa akifuatilia alimpigia simu fundi wa zamu. Jibu lilikuja bila kuzunguka: "Madam, hiyo ya jenereta ilipigwa na radi mwezi wa nne. Ililetwa nyingine mwezi wa tano mwishoni, nayo juzi imezima tena. Lakini ya stima iko sawa, hiyo haijawahi kulala." Akaongeza kwamba siku zile waliandika kwa mkono.

Daftari lenyewe lilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ni daftari la mistari la kawaida, lililogawanywa kwa rula: saa, kilowati za mashine ya kwanza, kilowati za mashine ya pili, kina cha maji kwenye bwawa dogo la juu, sahihi ya zamu. Pembeni kuna maelezo mafupi ya kalamu nyekundu, kama vile "takataka kwenye wavu, tumepunguza mzigo" au "gridi imezimika". Ndani ya zile siku 41, kwa siku 9 safu ya mashine ya pili ilikuwa tupu, na pembeni pameandikwa "beringi". Mashine ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Jedwali la dalali halikujua habari ya beringi. Lilichukua wastani mmoja na kuubandika kila siku.

Kwa kufuata daftari, uzalishaji wa mwaka ulishuka kutoka 8,000 hadi takriban 7,890. Tofauti ni ndogo, lakini ilitufundisha jinsi ya kuisoma namba ile kubwa. Kisha tukaigawa. Megawati-saa 90 zilitumika na mtambo wenyewe: pampu za mafuta, taa, vifaa vya kudhibiti. Hizo hazipati cheti, kwa sababu cheti hutolewa kwa umeme uliobaki baada ya mtambo kujilisha. Takriban 150 zilipotea kwenye transfoma na kwenye laini ya kilomita kadhaa inayoshuka kutoka mtoni. Kiwanda cha chai kilikula 3,000. Zilizovuka mita ya shirika na kuingia kwenye gridi zilikuwa 4,650.

Hata hizo 4,650 hazikuja bure. Ankara za shirika la umeme zilikuwa zikisomwa tarehe 25 ya kila mwezi, na mwaka wa taarifa ya mnunuzi ulikuwa Januari hadi Desemba. Jumla ya ankara kumi na mbili ilikuwa 4,672, lakini ndani yake zilikuwamo siku za mwisho za Desemba ya mwaka wa nyuma, na siku kama hizo za mwaka husika zilikuwa zimeangukia ankara iliyofuata. Ule usomaji wa nusu saa ndio uliokata mwaka vizuri usiku wa tarehe 31.

*Kivuli cha kaboni*

Fomu ya kusajili mtambo inauliza kama mtambo umewahi kuandikishwa kwenye mpango wa kupunguza hewa ukaa. Dalali alijaza "hapana". Utafutaji wa muda mfupi kwenye kumbukumbu za wazi za Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba miaka ya nyuma mtambo ulikuwa umeingizwa kwenye kundi la mitambo midogo chini ya Utaratibu wa Maendeleo Safi, CDM, ambao ni mpango wa aina hiyo. Wenye kiwanda hawakuwa wakificha kitu. Meneja aliyekuwapo wakati huo alishastaafu, na aliyepo alidhani mpango ulikufa pamoja na bei za kaboni.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kuandikishwa kwenye mpango wa kaboni hakuuzuii mtambo kupata vyeti milele. Kinachokatazwa ni megawati-saa ileile kuuzwa mara mbili, mara moja kama hewa ukaa iliyopunguzwa na mara nyingine kama umeme safi. Swali la kujibu lilikuwa moja tu: je, kwa mwaka huu, kuna aliyeomba mikopo ya kaboni, yaani hati zinazouzwa za hewa ukaa iliyopunguzwa?

*"Stima inavuka Busia, cheti kisivuke?"*

Kwa upande wa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Busia, dalali na meneja wa fedha walikuwa na hoja moja, na haikuwa ya kijinga. Gridi za nchi hizi mbili zimeunganishwa tangu enzi za ukoloni, na Uganda ilianza kuiuzia Kenya umeme wa bwawa la Owen Falls, Jinja, katika miaka ya 1950. Leo Kenya inapokea pia umeme wa Ethiopia kupitia laini ya Sodo hadi Suswa, yenye urefu wa takriban kilomita 1,045. Kama umeme wenyewe hauulizwi pasipoti, walisema, kwa nini vyeti 2,000 vya mtambo wa Kenya visifungwe kwa jina la kiwanda cha Uganda?

Kuhamisha cheti kutoka akaunti ya Nairobi hadi akaunti ya popote duniani si tatizo la kiufundi. Mpaka unatoka kwa anayetoa taarifa. GHG Protocol na RE100 zinataka cheti kitoke kwenye soko lilelile ambamo umeme ulitumika, na soko hilo kwa kawaida ni nchi moja. Ulaya inahesabiwa kama soko moja kwa sababu ina sheria za pamoja na rejista zilizounganishwa; Marekani na Kanada nazo huhesabiwa pamoja. Nchi za Afrika Mashariki zina Jumuiya, na zina Umoja wa Umeme wa Afrika Mashariki, EAPP, ulioanzishwa 2005 na wenye makao Addis Ababa. Rejista ya pamoja ya vyeti hazina.

*Boksi la chai*

La mwisho liligunduliwa na mtu wa mauzo aliyekuwa akinywa chai ofisini. Boksi la chai ya kiwanda kilekile lilikuwa na maandishi ya kijani: imetengenezwa kwa asilimia 100 ya nishati safi. Ofa ya dalali ya elfu nane ilijumuisha zile 3,000 za kiwandani. Kama tungezinunua, mnywaji wa chai angeambiwa umeme ule ni wa kiwanda cha chai, na mwenye hisa wa Ulaya angeambiwa ni wa kampuni ya vyakula. Rejista isingeona chochote, kwa sababu boksi halina namba ya mfululizo.

Na hata bila ya sisi, asilimia 100 haikuwa kweli. Hesabu ya umeme unaoingia, kwenye mita ya shirika, ilionyesha kuwa kati ya Januari na Machi, mto unapopungua, kiwanda kilinunua megawati-saa 400 kutoka kwenye gridi. Kati ya 3,400 zilizotumika, zilizotoka mtoni ni 3,000, yaani asilimia 88.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kununua tu umeme uliovuka mita ya shirika. Zilikuwapo njia nyingine. Zile 3,000 za kiwandani zinaweza kupewa vyeti kihalali kama mita yake imepimwa usahihi na mwenye kiwanda amekubali kuacha madai yake. Lakini mita ya jenereta ilikuwa imekufa siku 41, ya kiwandani haikuwa na cheti cha upimaji kilicho hai, na boksi lilikuwa tayari madukani. Kwa zile 4,650 palikuwa na mashahidi wawili wasio na sababu ya kusema uongo pamoja: mita iliyofungwa na shirika la umeme, na ankara ambazo shirika hilo lilizilipa. Hakuna shirika linalolipia umeme ambao halikupokea.

Pili, tulidai barua mbili kabla ya kulipa. Moja ilitoka kwa msimamizi wa kundi la CDM, ikitaja kipindi kwa tarehe na kuthibitisha kwamba mtambo huu hautaombewa mikopo ya kaboni ndani yake. Nyingine ilitoka kwa shirika la umeme, kwa sababu mkataba wa kuuza umeme ulitaja mapato ya kaboni lakini ulikuwa kimya kuhusu vyeti. Ukimya wa mkataba ni mahali pabaya pa kujenga madai. Barua ya kaboni ilikuja upesi. Ya pili ilichukua wiki kadhaa, na dalali alitumia muda huo kutuonya kwamba wanunuzi wengine wako mlangoni. Huenda walikuwapo.

Tatu, Uganda ilitengwa. Dalali alileta vyeti vya bei rahisi kutoka kituo kikongwe cha Uganda, tukavikataa kwa sababu ya kanuni ya RE100 inayotumika tangu Januari 2024: mtambo uwe umeanza kazi au kujengwa upya ndani ya miaka 15, isipokuwa kwa sehemu ndogo ya matumizi. Tukatafuta kwenye mitambo midogo iliyojengwa miaka ya 2010, ambayo Uganda inayo mingi, kwa sehemu kwa sababu ya GET FiT, programu ya kusaidia mitambo ya namna hiyo iliyozinduliwa 2013. Kuna aliyependekeza tununue vya Kenya kwanza kisha tuandike "Afrika Mashariki" kwenye taarifa, kwa herufi ndogo. Pendekezo hilo halikudumu hata dakika tano mbele ya mkaguzi wa ndani, mama mmoja mwenye sauti ya chini aliyeuliza tu ni nchi gani inayoitwa Afrika Mashariki.

Nne, mkataba uliandikwa upya ili malipo yafuate vyeti vilivyotolewa kwenye rejista, bila malipo ya nusu ya awali.

Matokeo

Vyeti 4,650 vilitolewa, vikahamishwa na kufungwa kwa jina la kiwanda cha Nairobi kwa mwaka husika. Vilivyopungua, 350, vilinunuliwa kutoka mtambo wa upepo wa Kenya. Kenya ikafika asilimia 100.

Uganda ilipata vyeti 1,400 tu vilivyotimiza masharti kabla ya tarehe ya mwisho. Zile 600 zilizobaki ziliripotiwa kuwa hazina vyeti, yaani tawi lilifikia asilimia 70. Ulaya hawakufurahi. Barua yao ilikuwa ya adabu na baridi, ikiuliza kwa nini tawi dogo kama lile ndilo pekee lililoshindwa. Mkaguzi wa nje, kwa upande wake, aliipitisha taarifa bila swali hata moja kuhusu umeme.

Kiwanda cha chai kilipokea pesa pungufu ya zile dalali alizowaahidi, na kulikuwa na uchungu hapo. Wenyewe walisema waliambiwa elfu nane. Lakini zile 3,000 zilibaki kuwa zao, na toleo jipya la boksi linasema sehemu kubwa ya umeme inatoka kwenye maji ya mto wa kiwanda. Mita ya jenereta imebadilishwa na kuwekewa kinga ya radi.

Uchambuzi

Rejista ilifanya kazi yake, na msomaji asitoke hapa akidhani ndiyo iliyokosea. Kazi ya rejista ni kuhakikisha kwamba cheti kikishaingia ndani yake hakitauzwa mara mbili na hakitafungwa mara mbili. Katika kisa hiki hakuna hata cheti kimoja kilichorudiwa. Matatizo yote manne yalikuwa nje ya kuta zake: mita kabla haijafika kwenye rejista, kaboni kwenye rejista nyingine, mpaka wa nchi kwenye kanuni za anayeripoti, na maneno kwenye boksi. Mnunuzi anayekagua namba za mfululizo peke yake anakagua sehemu ambayo tayari imekaguliwa.

Kilichosaidia zaidi ni daftari la zamu. Watu wa takwimu hulidharau kwa sababu limeandikwa kwa mkono na lina madoa ya grisi, lakini ndilo pekee lililoeleza *kwa nini* namba ilikuwa vile. Mita inakuambia kiasi. Daftari linakuambia kuhusu beringi. Hatukulitumia kudai vyeti, maana halina usahihi huo, bali kupima kama jedwali la dalali linaaminika, na ilitosha kuonyesha kwamba siku 41 zilikuwa za kubuni. Kugawa uzalishaji katika mafungu manne, yaani kujilisha, kupotea, kiwandani na gridini, kulisaidia pia kupunguza ubishi. Mafungu yanapojumlishwa na kurudi kwenye jumla, mazungumzo yanahama kutoka kuaminiana hadi kuhesabu.

Kilichoshindikana ni mawasiliano na wenye kiwanda mwanzoni. Mnunuzi alizungumza na dalali tu kwa majuma ya kwanza, kwa sababu ndivyo dalali alivyotaka, na wenye mtambo wakabaki na matarajio ya elfu nane muda wote huo. Simu moja kwa fundi wa zamu ilifichua mengi kuliko barua pepe zote zilizotangulia. Upungufu wa Uganda nao ulikuwa wa kujitakia kwa kiasi fulani. Vyeti vya nchi ndogo, vya mitambo mipya, vinatakiwa kutafutwa mwaka unapoendelea. Mwaka ukishafungwa, kila kampuni yenye tarehe ileile ya taarifa inatafuta vilevile.

Suala la mpaka linahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu ndilo litakalorudi. Magharibi mwa Marekani ipo rejista ya vyeti iitwayo WREGIS, iliyoanza 2007. Eneo lake halifuati mpaka wa jimbo bali linafuata gridi: majimbo 14 ya Marekani, mikoa miwili ya Kanada ambayo ni Alberta na British Columbia, na sehemu ya kaskazini ya Baja California, Mexico. Mtambo unasajiliwa mara moja, usomaji wa mita unaletwa na mtu aliyeidhinishwa kuripoti, na vyeti vya mwezi hutoka siku 90 baada ya mwezi huo kwisha, muda unaoruhusu kusahihisha usomaji. Kila jimbo linabaki na sheria zake kuhusu ni vyeti gani linavikubali. Ni mpangilio unaoweza kufanana na hali yetu: rejista moja kwa gridi moja, sheria nyingi.

Lakini kuunganisha rejista hakuponyi ugonjwa wa boksi la chai. Aprili 2023, chama kinachounganisha rejista za Ulaya, AIB, kilisimamisha usafirishaji wa vyeti vya Iceland. Vyeti vilikuwa vikiuzwa bara la Ulaya huku watumiaji wakubwa wa umeme kisiwani, viwanda vya alumini wakiwamo, wakishukiwa kudai kwamba wanatumia umeme uleule safi. Usafirishaji uliruhusiwa tena Juni mwaka huohuo. Rejista za Ulaya ni za kisasa kuliko chochote tulicho nacho, na bado tatizo lilikuwa lilelile la kiwanda chetu cha chai, kwa ukubwa wa nchi nzima.

Na kwetu kuna maswali magumu zaidi ya lile la Busia. Mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80, unagawana umeme wake sawasawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Umesimama mpakani. Mfumo unaoandika cheti kwa nchi moja ya mtambo utalazimika kuamua ile theluthi ya Burundi inaandikwaje, na uamuzi huo ni wa mawaziri na wadhibiti wa nishati, si wa dalali mwenye Eksel. Kwa maoni yangu hapo ndipo rejista ya kanda ingeanzia, kwenye mitambo ambayo tayari ina wenyewe zaidi ya mmoja, badala ya kusubiri soko zima la EAPP likomae.

Kwa mwaka uliofuata, mnunuzi na kiwanda cha chai walisaini mkataba wa moja kwa moja wa miaka mitatu. Una kiambatisho cha kurasa mbili: orodha ya mita kwa namba zake, tarehe za kupimwa usahihi, nakala ya daftari kila robo mwaka, na kifungu kinachosema umeme wa kiwandani hautauzwa vyeti bila maandishi ya pande zote mbili, na kwamba kila tangazo linalotaja umeme wa mtambo ule, la chai au la vyakula, litaonyeshwa kwa upande wa pili siku 14 kabla ya kuchapishwa. Dalali amebaki na kazi ya Uganda, na safari hii alianza kutafuta mwezi wa Februari.